Mhandisi Anapobisha Hodi Wodini

Msafiri apitaye katika uwanda wa juu wa Ufipa bado anaweza kukuta, katikati ya nyasi au kando ya shamba la mahindi, mnara wa udongo uliobomoka nusu. Hayo ni mabaki ya malungu, matanuri marefu ambayo mafundi wa Kifipa waliyatumia kuyeyusha mawe ya chuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tanuri la aina hiyo lilifikia urefu wa mita tatu hivi, na halikuhitaji mivukuto. Hewa ya moto ilipanda yenyewe kuelekea juu, na hewa baridi ikavutwa ndani kupitia matundu yaliyoachwa chini. Kilichopatikana humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika.

Waliouchunguza ufundi huo walilazimika kuvuka mipaka ya fani zao. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, alichimba na kupima mabaki ya matanuri ya kusini-magharibi mwa Tanzania. Lakini mwenye kufukua mavi ya chuma humhitaji mtaalamu wa metali amweleze joto lililofikiwa tanurini. Mtaalamu wa metali naye humhitaji mtafiti wa mila amweleze kwa nini fundi mkuu hakuwasha moto kabla ya kuweka dawa zake mahali pake. Katika kazi ile, fundi na mganga walikuwa mtu mmoja au walisimama bega kwa bega.

Leo shule zetu zimewatenganisha. Mhandisi husoma upande mmoja wa mji, daktari na muuguzi upande mwingine, na mara nyingi hukutana kwa mara ya kwanza mashine inapokuwa imekwisha kuharibika. Makala hii inahusu wale wanaojaribu kuwakutanisha mapema zaidi, yaani wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu za uhandisi wanaochagua swali la utafiti lililomo wodini. Tutaeleza walikofanikiwa na kwa nini, kisha tutaonyesha ni maswali gani ya namna hiyo yanayongoja majibu hapa Sumbawanga. Mfano wetu mkuu utakuwa oksijeni, kwa kuwa katika nyanda za juu ni jambo la uhai na kifo, na kwa kuwa hakuna fani moja inayoweza kulimaliza peke yake.

Hewa nyepesi ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Chini yake, ng'ambo ya mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa, liko bonde la Ziwa Rukwa, ambalo uso wake uko karibu mita 800. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka kijiji cha bondeni kwenda hospitali ya mjini hupandishwa mita 1,000 katika safari ya saa chache.

Hewa ina oksijeni asilimia 21 pwani, bondeni na mlimani pia. Kinachopungua ni mgandamizo wake. Sumbawanga mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi huleta mapafuni oksijeni kidogo zaidi. Mtu mwenye mapafu mazima hahisi tofauti hiyo, isipokuwa pengine anapokimbia. Himoglobini iliyomo katika damu yake ina akiba ya kutosha, na kipimo cha vidoleni hushuka kwa pointi chache tu.

Hali ni nyingine kwa mtoto mwenye nimonia kali au mtoto njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa. Akiba yake imekwisha kutumika kabla gari halijaanza kupanda. Uwezo wa himoglobini kushika oksijeni haushuki kwa mwendo mmoja. Mwanzoni hushuka polepole kama mtu atembeaye juu ya uwanda, kisha hufika kwenye ukingo na kuporomoka. Mtoto aliyekuwa na asilimia 91 bondeni yuko ukingoni, na kupungua kidogo kwa mgandamizo kunatosha kumwangusha.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto anayeishi mahali pasipozidi mita 2,500 apewe oksijeni kiwango chake kikishuka chini ya asilimia 90, na kwamba juu ya kimo hicho mpaka uwe asilimia 87. Sumbawanga iko chini ya mita 2,500, hivyo mpaka wake ni ule ule wa asilimia 90. Mwongozo ni wazi. Lakini muuguzi atajuaje kwa uhakika kwamba mtoto ameshuka chini ya 90? Na akishajua, oksijeni atakayompa itatoka wapi, kwa kiwango gani, na umeme ukikatika itakuwaje? Maswali hayo ya kitabibu yana mzizi wake katika uhandisi.

Kelele iliyogeuka kuwa kipimo

Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho leo hujulikana kama oksimita, kilitokana na mhandisi aliyekuwa akitafuta jambo jingine kabisa. Takuo Aoyagi alisomea uhandisi wa umeme nchini Japani na kufanya kazi katika kampuni ya Nihon Kohden. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitaka kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kumdunga mgonjwa rangi na kuangaza mwanga kupitia sikioni. Kila moyo ulipopiga, mwanga ulicheza na kuharibu kipimo. Kwa mhandisi, mchezo huo ulikuwa kelele ya kuondolewa.

Katika kujaribu kuiondoa, Aoyagi alitambua kwamba kelele yenyewe ilikuwa imebeba habari. Sehemu ya mwanga inayocheza na mapigo ya moyo hutoka katika damu ya mishipa ya ateri peke yake, kwa sababu ngozi, mfupa na nyama havipigi. Akitumia miale ya aina mbili, mwekundu na ule usioonekana wa infraredi, angeweza kulinganisha jinsi damu inavyoimeza na kukadiria kiasi cha oksijeni bila kumtoboa mgonjwa. Kazi hiyo aliitangaza mwaka 1974. Shahada yake ya udaktari wa falsafa aliipata mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Tokyo, wakati kipimo alichokianzisha kilikuwa tayari kimeenea katika vyumba vya upasuaji duniani.

Mwanafunzi anayesoma historia hii atafute ndani yake zaidi ya sifa za mtu mmoja mwenye akili. Jibu lilipatikana kwa kuwa mhandisi alikubali kuuliza swali la kitabibu: mchezo huu wa mwanga unatoka wapi mwilini? Angebaki ndani ya mipaka ya saketi zake, angetengeneza kichujio kizuri cha kuondoa mapigo ya moyo, na kipimo tunachokitegemea leo kingetupwa pamoja na kelele.

Ngozi yetu na namba za kioo

Historia hiyo ina upande wa pili unaotuhusu zaidi sisi Waafrika. Oksimita haipimi oksijeni moja kwa moja. Hupima mwanga, kisha hutafsiri uwiano wa miale kuwa asilimia kwa kutumia jedwali lililotengenezwa kwa kuwapima watu wa kujitolea waliopumua hewa yenye oksijeni pungufu. Iwapo wengi wa watu hao walikuwa na ngozi nyeupe, jedwali huwafaa watu weupe kuliko wengine, kwa kuwa rangi ya ngozi nayo humeza mwanga.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu ya ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha kuwa na asilimia 92 hadi 96, yaani hali ya kuridhisha, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe idadi hiyo ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa kiliwaficha wagonjwa weusi mara tatu zaidi, na tofauti ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu mwaka 1990.

Hakuna sababu ya kukitupa kifaa kwa ajili hiyo. Oksimita imeokoa na inaendelea kuokoa wengi. Inachotufundisha habari hii ni kuitumia kwa akili. Mkono wa mgonjwa upashwe joto kwanza, maana baridi ya Juni na Julai hapa Ufipa hubana mishipa ya vidoleni na kudhoofisha mapigo. Rangi ya kucha na hina viondolewe, au kitumike kidole kingine au cha mguuni. Mapigo yanayoonyeshwa kwenye kioo yalinganishwe na yale yanayohesabiwa kwa mkono, na yasipolingana namba ya oksijeni isiaminiwe. Namba ikisema 93 huku kifua cha mtoto kinabonyea, anaguna kila anapotoa pumzi au ameshindwa kunyonya, muuguzi ayaamini macho yake na kuchukua hatua.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi, hapa kuna kazi inayomngoja. Anayeishi mahali ambapo karibu wagonjwa wote wana ngozi nyeusi, na ambapo hewa yenyewe huwaweka wengi wao karibu na ukingo, ana nafasi ya kuuliza swali ambalo maabara nyingi za mbali zilichelewa kuliuliza.

Haydom: sekunde thelathini

Mfano wa karibu zaidi wa wahandisi vijana kufanya kazi pamoja na wakunga umo humu nchini, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, mkoani Manyara. Ni hospitali ya vijijini iliyoanza mwaka 1955. Huko, Dkt. Hege Ersdal, daktari wa usingizi kutoka Stavanger, Norwei, pamoja na wenzake Watanzania, walifuatilia kile kinachotokea mtoto anapozaliwa bila kupumua. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yalionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto pumzi kwa mfuko na barakoa ziliongeza hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16.

Matokeo hayo yalizaa maswali ambayo daktari peke yake hangeweza kuyajibu. Pumzi zinazotolewa na mkunga zinaingia kweli mapafuni, au zinavuja pembeni mwa barakoa? Mkunga anasimama kwa sekunde ngapi ili kunyonya ute, na moyo wa mtoto hufanyaje wakati huo? Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo kiliandika mgandamizo, mwendo wa hewa na mapigo ya moyo ya mtoto, na kamera zikawekwa juu ya meza ya kuhudumia. Zikapatikana saa nyingi za mawimbi na picha, kuliko ambavyo jicho la mtu lingeweza kuzipitia.

Hapo ndipo walipoingia wanafunzi wa uzamivu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Stavanger. Kazi yao ilikuwa kuandika programu za kompyuta za kutambua katika mawimbi hayo pumzi ilianza lini na kukoma lini, na katika video mikono ya mkunga ilikuwa ikifanya nini. Tatizo walilokutana nalo linafanana na lile la Aoyagi. Mawimbi ya moyo wa mtoto yalivurugika kila alipokaushwa, alipogeuzwa au alipochuliwa mgongo. Kihandisi hiyo ni kelele, lakini kelele hiyo ni huduma yenyewe: ni mkono wa mkunga ukifanya kazi. Mwanafunzi asiyejua hatua za kumhudumia mtoto asiyepumua angeifuta, na pamoja nayo angefuta kile alichotumwa kukitafuta.

Ushirikiano huo umeendelea kwa miaka mingi na kuzaa vifaa na mafunzo. Mojawapo ya vifaa hivyo ni kile cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, kilichopewa jina la Kiswahili, Moyo. Tafiti zilizofanywa katika hospitali za Dar es Salaam zilionyesha kwamba kifaa hicho hugundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi kuliko kusikiliza kwa vipindi kwa njia ya zamani. Lakini kugundua peke yake hakukutosha kubadili hatima ya watoto. Baada ya kugundua, lazima awepo mtu wa kuamua, chumba cha upasuaji, damu na usafiri.

Fundisho hilo lilizingatiwa. Mpango uliofuata uliunganisha vifaa, mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini na matumizi ya takwimu za hospitali yenyewe, katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila vizazi 1,000. Nyuma ya tofauti hiyo wapo wakunga, madaktari, wanatakwimu na wahandisi, wala hakuna mmoja wao anayeweza kudai kuwa ni kazi yake peke yake.

Mtungi, mashine na umeme wa Sumbawanga

Turudi Ufipa. Oksijeni humfikia mgonjwa kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni mtungi. Mtungi mkubwa wenye lita 6,800 za gesi, ukitumika kwa lita tano kwa dakika kwa mtu mzima, huisha kwa muda wa saa 22 na dakika 40 hivi. Ukimhudumia mtoto mchanga kwa nusu lita kwa dakika, unaweza kudumu siku tisa. Lakini mtungi huo lazima ujazwe na usafirishwe. Kutoka Mbeya hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 300 za barabara kupitia Tunduma, na kutoka mjini hadi zahanati ya bondeni kuna mteremko wa Lyamba lya Mfipa.

Njia ya pili ni konsentreta, mashine inayovuta hewa ya chumbani, kuisukuma kwa nguvu katika punje za madini yaitwayo zeolaiti yanayonasa naitrojeni, na kutoa gesi ambayo kwa kawaida ina oksijeni zaidi ya asilimia 90. Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya asilimia 82. Mashine ya lita tano hutumia umeme wa wati 350 hivi, na hufanya kazi mradi umeme upo, vichujio vya vumbi ni safi na zeolaiti haijalowa unyevu.

Kila moja ya masharti hayo matatu lina sura yake hapa. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuunganishwa na gridi ya Taifa, bali ilipata umeme kutoka Zambia kwa njia ya Mbala na kutoka majenereta ya dizeli. Vumbi la kiangazi huziba vichujio, na unyevu wa masika huingia zeolaiti. Juu ya yote, kompresa inayofanya kazi katika hewa nyepesi huvuta kidogo zaidi kwa kila mzunguko.

Chukulia, kwa mfano tu, mwanafunzi wa uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kina kampasi pia mkoani Rukwa. Anakuja na wazo la kubuni konsentreta mpya inayotumia jua. Ni wazo zuri, lakini akikaa wiki mbili katika wodi ya watoto kabla ya kuchora chochote, huenda akakuta tatizo liko kwingine. Pengine mashine zilizopo ni za kutosha ila hakuna kipima cha kujua zinatoa oksijeni ya kiwango gani. Pengine mashine moja ingehudumia watoto wanne kama kungekuwa na kigawanyio cha mtiririko. Pengine umeme ukikatika usiku, muuguzi mmoja mwenye watoto kumi hana njia ya kujua ni mashine ipi iliyozima. Swali la utafiti litabadilika kuwa hili: mashine zinazotumika katika kimo hiki zinatoa oksijeni ya kiwango gani baada ya miezi sita, na ni utaratibu gani wa matunzo unaozuia kushuka huko kwa gharama ambayo hospitali inaweza kuimudu?

Swali hilo halitaonekana zuri katika maonyesho kama mashine mpya. Lakini jibu lake linaweza kutumika mwaka huo huo, na ni swali lenye uhandisi wa kutosha kwa shahada ya uzamili. Methali husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mhandisi ni mgeni wodini, na uponyaji anaouleta huanza kwa kusikiliza.

Mtu wa mabwana wawili

Tusiwafiche vijana ugumu wa njia hii. Mwanafunzi wa utafiti wa taaluma mtambuka ana mabwana wawili. Msimamizi wa uhandisi hutaka kitu kipya: hesabu mpya, saketi mpya, programu mpya. Msimamizi wa tiba hutaka ushahidi kwamba mgonjwa amefaidika, na ushahidi huo huhitaji wagonjwa wengi na muda mrefu. Mwanafunzi anaweza kujikuta amemaliza miaka yake akiwa na kifaa kisichojaribiwa vya kutosha kumridhisha daktari wala kipya vya kutosha kumridhisha mhandisi.

Hata maneno huwasaliti. Mhandisi akisema kifaa ni sahihi kwa asilimia 95, daktari huuliza mara moja: kinakosa wagonjwa wangapi, na kinawatia hofu bure wazima wangapi? Kifaa kinachosema kila mtoto ni mzima kitakuwa sahihi kwa asilimia 95 mahali ambapo watoto watano tu kati ya mia ni wagonjwa, ilhali hakitamgundua hata mmoja. Somo hilo mwanafunzi hulipata kwa siku moja akikaa na mtaalamu wa takwimu za tiba. Akikosa, huweza kulikosa kwa miaka mitatu.

Yako mambo yanayopunguza ugumu. La kwanza ni kupata wasimamizi wawili tangu mwanzo na kuwafanya wakubaliane kwa maandishi ni matokeo gani yatatosha kwa shahada. La pili ni kugawa kazi katika sehemu zinazoweza kusimama kila moja peke yake, ili sehemu ya kihandisi ikamilike hata kama majaribio kwa wagonjwa yatachelewa. La tatu ni kumshirikisha fundi wa vifaa tiba wa hospitali, ambaye mara nyingi anajua magonjwa ya mashine kuliko yeyote lakini jina lake husahaulika katika machapisho.

Milango nayo inaongezeka. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha uhandisi tiba. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha huandaa mafundi wa vifaa tiba. Katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, Dkt. Askwar Hilonga, aliyesomea uhandisi wa kemia hadi shahada ya uzamivu nchini Korea Kusini, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno za kunasa uchafu, likirekebishwa kulingana na maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Alikulia katika kijiji kimoja cha wilaya ya Karatu, na swali lake lilitokana na magonjwa ya maji machafu aliyoyafahamu nyumbani. Katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako kipindupindu kimewahi kugharimu maisha, swali hilo lina wenyeji wake pia.

Haki ya anayelala kitandani

Utafiti wowote unaomgusa mgonjwa au taarifa zake lazima upitiwe na kamati ya maadili. Nchini kwetu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR, ina kamati ya kitaifa ya kazi hiyo, na vyuo vikuu vya tiba vina kamati zao. Kifaa kipya cha tiba nacho kiko chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mwanafunzi wa uhandisi aliyezoea kujaribu saketi mezani huweza kuuona utaratibu huu kama kikwazo. Ni vyema autazame kama sehemu ya usanifu. Daraja hupimwa uzito kabla ya magari kupita, na kifaa hupimwa usalama kabla ya kumgusa mtoto.

Kwa wagonjwa na jamaa zao tuseme wazi. Mtafiti akija kitandani pako, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa anatafuta nini, atakupima kwa kitu gani, picha au taarifa zako zitahifadhiwa wapi na nani ataziona. Una haki ya kukataa, na ya kubadili nia baada ya kukubali, bila huduma yako kupunguzwa hata kidogo. Usione haya kuuliza. Ukiamua kukubali, usijione kuwa ni kitu cha kupimwa tu. Mama aliyekesha usiku mzima na mtoto mwenye oksijeni anajua mirija huchomoka saa ngapi, mashine hupiga kelele lini na kwa nini mtoto huondoa barakoa. Hayo ni maarifa, na mhandisi mwenye busara atayaandika daftarini.

Kwa wauguzi, wakunga na matabibu wa Rukwa, ombi letu ni dogo. Wekeni daftari la matatizo ya vifaa katika kila wodi: tarehe, mashine, kilichotokea, mlichofanya na mgonjwa aliendeleaje, bila kutaja jina lake. Kurasa chache za namna hiyo zina thamani kwa mwanafunzi wa uhandisi kuliko hotuba ndefu, maana ndani yake yamo maswali ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika. Mwanafunzi atakapobisha hodi, mkaribisheni, mpeni koti, mwonyesheni pa kunawa mikono, kisha mpeni daftari hilo alisome. Methali nyingine yatuambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mhandisi wodini ni swali lililo la kweli, na wenye maswali hayo ni ninyi.